Mpaka Kwenye Daiki

Simu iliita mara ya kwanza Jean Nixon akiwa na rola kichwa kizima, dawa ya kukunja nywele ikimchuruzika nyuma ya masikio, na Lorna Rudkin akaiacha iite. Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi sebule ya Lorna haina pa kuweka mguu. Mmoja yuko chini ya draya, mwingine anasubiri na taulo mabegani, na wapo waliokuja kunywa chai tu na kusikia nani kaachana na nani. Boila lilikuwa limekufa tangu Krismasi, kwa hiyo Lorna alichemsha maji kwa birika la umeme na kuwamwagia wateja kwa jagi juu ya sinki la jikoni, na wote wakajifanya hawajaona tofauti yoyote.

"Pokea, shosti," Jean alisema. "Huenda ni fundi wa boila."

"Fundi wapi? Ni Nev huyo. Kaokota msumari mwingine."

Sebule ikaangua kicheko. Lorna alikuwa bingwa wa kuwachekesha watu kwa habari za mumewe. Alishagundua kwamba ukiwahi kujicheka mwenyewe, wenzako wanakosa pa kukuchoma. Nev alikuwa na mashine ya kutafutia vyuma ardhini, na kwa miaka kumi na moja alikuwa akiipitisha juu ya mashamba ya watu kama mtu aliyepewa kazi ya kuipiga pasi nchi nzima. Alivyorudi navyo vilikaa kwenye ndoo gereji: misumari, vizibo vya soda, risasi za vita, kengele ya kondoo, na kijiko alichoapa kuwa ni cha Warumi mpaka walipokisugua wakakuta jina la hoteli.

"Muulize kama safari hii msumari una kichwa," alisema Mama Bella, mamake Lorna, kutoka kiti chake cha dirishani. Nyonga yake ilivunjika miaka mitatu nyuma, ndiyo sababu Lorna na Nev walihama kutoka Lincolnshire kuja huku kaskazini kumtunza. Tangu hapo hakuna gari lililokatiza kijijini bila Mama Bella kulitolea maelezo.

Simu ikaita tena. Ikakatika. Ikaita tena. Lorna akaipokea, kitana kikiwa katikati ya meno.

"Lorna." Sauti ya Nev ilikuwa nyembamba, kama ya mtu aliyefungiwa kabatini. "Njoo. Njoo huku mtaroni na simu yako, yangu kamera imekufa."

"Umeanguka? Nev! Ni moyo?"

"Moyo uko sawa. Hapana, hauko sawa. Lorna, ni ya njano."

Kitana kilianguka. Ukilala na mtu anayeota madini kila usiku, kuna maneno huhitaji kufafanuliwa.

"Mama, mtazamie Jean saa! Dakika kumi, halafu dawa imwagwe!"

"Unaniacha na dawa kichwani, wewe mwanamke?" Jean alipiga kelele. Lakini Lorna alishatoka na aproni yake na ndara zake, mlango ukabaki wazi nyuma yake na upepo wa Machi ukaingia sebuleni kama mteja mwingine.

*

Alishika njia ya chini inayofuata mtaro wa maji, kwa sababu ndiyo fupi. Alipofika ndara zilikuwa zimelowa chapachapa. Nev alisimama kwenye majani, juu kidogo ya mtaro, na nyuma yake mteremko ulipanda mpaka kwenye ukuta wa kale wa mawe uliobomoka hapa na pale, kondoo wakipita kwenye mapengo kama kwao. Alikuwa amevua kofia. Alisimama kama baba anayechunga mtoto asiamke.

"Usikanyage hapo!" akanong'ona, ingawa hakukuwa na wa kusikia.

Lorna akachungulia. Shimo halikuzidi upana wa sahani. Ndani yake, udongo ukiwa bado umelishika kwa ukingo mmoja, kulikuwa na duara la njano lenye uso wa mwanamume mwenye shingo nene na taji la majani. Lilikuwa safi, kama limetoka kupigwa asubuhi ile. Fedha huwa nyeusi, shaba huota ukoko wa kijani, lakini dhahabu ilikuwa imelala chini ya mvua na kondoo tangu enzi za makaizari, na ikaamka imenawa uso. Pembeni yake ilitokeza shingo ya chungu cha kahawia, na ndani ya shingo hiyo kingo za sarafu nyingine zilibanana kama biskuti kwenye pakiti.

"Mungu wangu," Lorna alisema. "Mungu wangu, Nev. Zitoe!"

"Hapana. Ukiona sarafu unachimba. Ukiona chungu unaacha, unamwita afisa. Ndiyo kanuni."

"Basi mwite!"

"Kwanza..." Nev aliona haya mpaka masikio yakawa mekundu. "Kwanza ngoma."

Lorna aliijua hiyo ngoma. Watu wa mashine wana desturi yao: anayepata dhahabu kwa mara ya kwanza lazima acheze pembeni ya shimo, na mwenzake amrekodi, na wote waione. Wenzake wote wa chama walikuwa wameshacheza. Miaka yote hiyo Nev ndiye aliyeshika simu za wengine, akiwarekodi, akiwapigia makofi, kisha akirudi nyumbani na ndoo yake.

"Hapa? Mbele ya kondoo?"

"Washa, mke wangu, kabla miguu haijaniisha."

Akacheza. Mtu mzima, tumbo mbele, buti za mpira hadi magotini, hedifoni zikimning'inia shingoni. Alichukua sepetu akaifanya mwenzi wake, akaizungusha, akaiinamisha, akakata nyonga kushoto na kulia mpaka kondoo wakaacha kula wakamtazama. Lorna alicheka simu ikatikisika. Kisha akagundua kwamba machozi yanamtoka, kwa sababu alikuwa amemwona yule kijana aliyekutana naye kwenye ukumbi wa dansi wa Skegness, ambaye hakujua kucheza na hakujali. Hakuwa amemwona siku nyingi.

"Na hapa ni kwa Ailsa, sivyo?" aliuliza alipopata pumzi, maana mipaka ya mashamba hakuwahi kuijua.

"Kwa Ailsa. Mpaka kwenye daiki, kama ulivyoniambia."

Ailsa Telfer, mjane mwenye shamba, ndiye aliyetoa ruhusa, na aliitoa akiwa chini ya mkasi wa Lorna: "Mwambie mumeo apite shambani kwangu na hicho kimashine chake. Mpaka kwenye daiki tu, asivuke, ng'ambo ni kwa Cuthbert Dodd." Lorna aliufikisha ujumbe neno kwa neno, hakuongeza wala hakupunguza.

Nev akampigia Hester Okell, afisa wa vitu vya kale aliyekaa Newcastle. Hester alikuwa na sauti ya kuamrisha farasi. "Usiguse tena, hata kwa kijiko! Rudisha udongo, rudisha nyasi, nafika saa tisa. Na nakusihi, Bwana Rudkin, usimwambie mtu."

"Hatumwambii mtu," Nev alisema, akakata simu, akamtazama mkewe. Kidole gumba cha Lorna kilikuwa bado juu ya kioo. "Lorna."

"Nimewatumia familia tu."

"Familia."

"Na kundi la saluni."

"Kundi la saluni lina watu gani?"

"Wale wanaokuja," Lorna alisema. "Na waliowahi kuja."

Nev alifumba macho. Halafu akapiga magoti, akaanza kufunika. Udongo wote aliochimba alikuwa ameuweka juu ya karatasi la nailoni, hata chembe haikuwa imemwagika kwenye majani. Akaurudisha, akaushindilia kwa ngumi. Kipande cha nyasi alikuwa amekikata pande tatu tu, kikabaki kimeshika upande wa nne kama kifuniko cha sanduku. Akakilaza, akakikanyaga kwa kisigino, kisha akayachana majani kwa vidole, taratibu, kama Lorna anavyomalizia kichwa cha bibi harusi.

*

Saa sita nyumba ilikuwa imefurika. Waliowahi kuja walikuja, na wasiowahi walikuja pia. Mwenye bucha alileta nyama ya nguruwe na mikate mikubwa ya duara, mtu akaleta bakuli la dengu zilizopondwa, mwingine skonzi zikiwa bado za moto, na bia ilipita dirishani kwa sababu mlangoni hapakupitika. Jean Nixon alikaa katikati ya yote hayo na nywele zilizojikunja kama za kondoo jike, kwa maana Mama Bella aliangalia video badala ya saa.

"Nimekuwa mbuzi," Jean aliwaambia wote wanaoingia. "Semeni tu. Nina arusi Jumanne na nimekuwa mbuzi."

"Kondoo," alisahihisha Mama Bella. "Mbuzi nywele zao zimenyooka."

Nev alipoingia, wote walisimama. Lorna aliona kwa macho yake. Watu waliokuwa wamekalia mikono ya viti, ngazi na sanduku la taulo, wote walisimama, na mwenye bucha akamshika mkono kwa mikono miwili. "Bwana Nev! Bwana Nev mwenyewe!"

Lorna akamkazia macho yule mwenye bucha. Ilikuwa ni katika bucha ya huyu huyu, mwaka uliopita, ambapo Nev alimwomba Cuthbert Dodd ruhusa ya kupita shambani kwake, kwa adabu, kofia mkononi. Dodd alikuwa na chuki na watu wa mashine. Wezi walishaingia kwake usiku, wakachimba, wakaacha mashimo wazi, na kondoo wake mwenye mimba akavunjika mguu humo. Alimgeukia Nev mbele ya foleni nzima. "Jamani, shikeni pochi zenu, yule wa mashine kaingia. Hebu toa vilivyomo mifukoni tuone." Na Nev, kwa kuwa ni mtu asiyejua kugomba, alitoa kweli: misumari na pipi ya mnanaa. Foleni ilikufa kwa kicheko. Lorna alikuwa kwenye foleni hiyo. Naye alicheka.

"Boila jipya, Lorna!" mtu alipaza sauti.

"Boila gani? Nunua saluni ya kioo mjini Hexham!"

"Nusu kwa mwenye kuokota, nusu kwa mwenye shamba, ndiyo desturi," mwenye bucha alieleza kama wakili. "Ailsa yuko kwa bintiye Carlisle, hajui hata kama ameukata."

"Ngoma tena! Weka ngoma tena!"

Wakaiweka tena kwenye tableti ya Mama Bella. Sebule ikapiga makofi kwa kufuata mdundo wa nyonga za Nev. Mama Bella peke yake hakupiga. Aliisogeza tableti mpaka karibu iguse pua.

"Rudisha nyuma. Simamisha hapo. Lorna, huo ukuta uko nyuma yake."

"Ndiyo, Mama."

"Uko juu yake. Na yeye yuko chini, upande wa maji."

"Ndiyo, Mama, ni mteremko."

Mama Bella akaiweka tableti mapajani. "Mwanangu," alisema, "mumeo kavuka daiki."

"Hajavuka! Nev, mwambie. Hujavuka daiki, sivyo?"

"Sikuvuka kabisa, mama mkwe," Nev alisema, mdomo umejaa skonzi. "Niliishia juu yake. Mtaro unaonekana hapo hapo chini."

"Mtaro? Nani kataja mtaro?"

"Daiki. Mtaro wa maji."

"Daiki ni ukuta!" Mama Bella alisema. "Ukuta wa mawe! Huo hapo nyuma ya makalio yako, babangu ndiye aliyeusimamisha, jiwe kwa jiwe, na alikufa akiuita daiki!"

"Kwetu Lincolnshire kila mtoto anajua daiki ni mtaro. Mimi mwenyewe nilianguka ndani ya daiki nikiwa mdogo. Mtu haanguki ndani ya ukuta, mama mkwe!"

Watu wakacheka, wakanyoosheana vidole, mmoja akasema watu wa kusini hawana akili na mwingine akasema siyo kosa lao. Kisha kicheko kikaanza kupungua upande mmoja wa sebule, kikapungua upande mwingine, mpaka ikasikika draya ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima. Nev alimtazama Lorna. Lorna alimtazama Nev. Walikuwa wamelea watoto pamoja, wamezika wazazi pamoja, wamegombana juu ya kila kitu kuanzia chumvi mpaka jina la paka, na hawakuwahi hata siku moja kugombana juu ya neno hilo.

"Kile kipande kati ya ukuta na mtaro," Lorna aliuliza polepole, "ni cha nani?"

Hakuna aliyetaka kulitaja jina. Mama Bella akalitaja.

"Cha Cuthbert Dodd."

*

Wa kwanza kupata ulimi alikuwa Jean. "Basi jamani, si mnakihamisha tu? Mnakipitisha chungu juu ya ukuta, mnakizika upande wa Ailsa, afisa akija anakuta kiko nyumbani. Kimelala humo miaka elfu na ushee, kitadhurika nini kwa hatua chache?"

"Mimi sijaona kitu," alisema mwenye bucha.

"Video naifuta kwangu sasa hivi," mwingine akasema, na mmoja baada ya mwingine wakatoa simu. Sebule nzima ilikuwa tayari kula kiapo cha uongo kwa mapenzi tu, na Lorna aliwapenda wote kwa pamoja. Ndiyo, alifikiri. Mbona rahisi hivyo. Saa tisa bado.

Nev aliweka skonzi yake kwenye sahani, akatoka kwa mlango wa jikoni.

Lorna alimkuta gereji, amekaa juu ya ndoo ya misumari iliyofunikwa.

"Watanyamaza," alimwambia. "Wote."

"Jean Nixon atanyamaza?"

"Kwa ajili yangu, ndiyo."

"Lorna, Hester atakapokuja swali lake la kwanza ni: kilikaa wapi? Kilielekea wapi, kilifunikwa na nini, maji yako wapi, njia iko wapi. Kuna mtu alisimama pale na hofu yake, akazika kila alichokuwa nacho, akahesabu kwamba atarudi. Pale. Siyo kwa Ailsa." Alifuta viganja kwenye suruali. "Sarafu isiyo na mahali pake ni kifungo cha shati."

"Na wewe je? Ukisema kweli, jioni hii umeshakuwa mwizi. Dodd atakuitia polisi, chama kitakufuta, hakuna mkulima atakayekufungulia geti tena. Nev, wamesimama! Umeingia, watu wamesimama! Nataka iwe hivyo siku zote, nataka nikipita bucha..."

"Kweli walisimama," Nev alisema. Alikuwa na tabasamu la ajabu. "Niliona. Basi nimeshaona."

Ndani ya nyumba mtu aliwasha tena ile video kwa bahati mbaya, wakasikia kicheko cha Lorna mwenyewe kikitoka kwenye simu ya mtu, cheko la furaha tupu, halafu likazimwa haraka.

"Nifuate kwa Dodd," Nev alisema. "Peke yangu miguu haitafika."

Lorna akavua aproni. Akarudi ndani, akapita katikati ya watu, akasimama mbele ya kioo cha wateja, akapaka rangi ya mdomo.

*

Cuthbert Dodd alikuwa jikoni kwake, amevaa koti na kofia kama mtu anayesubiri kuitwa. Simu yake ilikuwa mezani, na juu ya kioo chake kidogo Nev alikuwa amegandishwa katikati ya mzunguko, sepetu mkononi, mguu mmoja hewani. Hakuwaambia wakae.

Nev alisafisha koo, akamtazama mkewe.

Basi Lorna akasema. Alisema kama anavyosema mbele ya kioo akiwa na mkasi, bila kituo: kwamba ruhusa ilipitia kwake, kwamba Ailsa alisema daiki naye akasema daiki, kwamba mumewe ni mtu wa kwenye mitaro na huko kwao neno hilo lina maji ndani yake, kwamba chungu kipo kwa Bwana Dodd na hakijaguswa, na afisa anakuja saa tisa na ataambiwa hivyo hivyo.

"Umemaliza?" aliuliza Dodd.

"Bado," Lorna alisema. "Pale bucha, mwaka jana. Mimi nilicheka. Wewe huna habari na hilo, lakini nilitaka alisikie mume wangu."

Nev alitazama sakafu. Dodd alitazama dirisha.

"Dada yangu uliwahi kumkata nywele," Dodd alisema mwishowe. "Alinitumia hii asubuhi. Niliutambua ukuta kabla sijamtambua mumeo. Nikatafuta namba ya polisi, hii hapa. Halafu nikajiambia, Cuthbert, kunywa chai kwanza. Tuone kama atakuja mtu mlangoni, au nitasikia chungu kimeota miguu kimevuka kwenda kwa Ailsa."

"Chai imepoa?" Lorna aliuliza.

"Nimeshabadilisha birika." Akasimama, akachukua fimbo yake. "Daiki ni mtaro. Wehu gani huo? Haya, shimo. Nina kondoo wanaokaribia kuzaa pale chini. Nionyeshe shimo uliloacha. Kama kwato ya kondoo wangu inaingia, simu hii naipiga mbele yako."

*

Sebule yote iliwafuata kwa mbali, kwenye njia ya chini, ikijifanya inapunga upepo. Jean alikuwa amejifunga skafu kichwani. Mama Bella alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu na mwenye bucha mpaka tope likakataa, na hapo akaamuru aachwe kwa sababu anaona vizuri.

Dodd alipita kwenye pengo la ukuta, akaanza kuteremka akichoma majani kwa fimbo. Akaenda mpaka mtaroni, akarudi. Akaenda kushoto. Akarudi tena, safari hii ameinama, mkono mgongoni, akipekua kama mtu aliyedondosha jino.

"Liko wapi?" akauliza kwa hasira.

"Umesimama juu yake, bwana," Nev alisema.

Dodd aliinua buti moja, kisha jingine. Akachoma kwa fimbo, nyasi haikusogea. Alishuka chini kwa magoti yake ya kizee, goti moja kwanza, akalalamika, kisha la pili, akayachana majani kwa vidole akitafuta mshono. Alipoupata aliufuata kwa ukucha, pande zake tatu, polepole.

"Mnh," alisema Cuthbert Dodd. Wale waliomjua walijua hilo ni hotuba.

Hester Okell akafika na kigari chake, buti zake na masanduku yake ya plastiki, akatoa kalamu kabla hata ya salamu. "Shamba la nani hili?"

Macho ya kijiji kizima yalikuwa kwenye mgongo wa Nev. Lorna alitamani kumjibia. Akajiuma ulimi.

"La Bwana Dodd," Nev alisema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye kiti cha magurudumu. "Sikuwa na ruhusa yake. Nilidhani ninayo, lakini sikuwa nayo."

Kalamu ikasimama. "Unaelewa kwamba kwa hali hiyo huenda usipewe chochote? Wanaoamua si mimi. Lakini itabidi niandike hivyo."

"Andika."

Ikawa kazi ya alasiri nzima. Hester alilala kifudifudi na mwiko mdogo na brashi, Nev akishika taa, akipokea udongo, akirudisha kila chembe kwenye nailoni. Kila kitu kilipotoka watu waliguna kwa pamoja kama kanisani. Chungu kilipoinuliwa kizima, kimefungwa bandeji kama goti la mchezaji, Jean alivua skafu akaipunga hewani, nywele na zionekane, hakujali tena. Halafu Hester alimwekea Dodd ile ya njano kwenye kiganja, kwa kuwa ni shamba lake. Kiganja kilikuwa kikubwa. Dodd na kaizari wakatazamana.

"Umekaa kwangu muda wote huu," Dodd alimwambia, "na hujalipa hata kodi."

Akairudisha. Akamgeukia Nev.

"Habari ya nusu zenu sina jibu. Nitafikiri, na mimi hufikiri polepole. Lakini ile ngoma..." Alitikisa kichwa. "Mara ya mwisho kuona kitu kama kile ilikuwa ng'ombe wangu, na ilibidi tumwite daktari."

Watu wakaangua kicheko mpaka kondoo wakakimbia. Lorna hakucheka. Alingoja kwanza, akimtazama mumewe usoni. Nev alikunja midomo, mabega yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akashika tumbo. Ndipo Lorna naye akacheka.

Dodd alikuwa ameshaanza kupanda kuelekea ukutani. Kwenye pengo alisimama bila kugeuka.

"Jumamosi ijayo," alisema, "leta hicho kimashine. Unaanzia barabarani unakwenda mpaka kwenye daiki."

Hester aliacha kufunga sanduku lake. Mama Bella, kule topeni, alinyoosha shingo. Nev alimtazama Lorna, na Lorna akamwashiria kwa kidevu: uliza.

"Samahani, Bwana Dodd," alisema. "Daiki ipi?"

Mzee aliutazama ukuta kando yake, akautazama mtaro kule chini, akaiweka kofia yake sawa.

"Zote mbili."